Kila Meza na Karamu Yake

Habari ilimfikia Maduhu akiwa amechuchumaa anaziba pancha ya baiskeli yake, na aliyeileta hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Mama Nelly, mmoja wa wenyeviti wawili wa soko la jioni la Masumbwe, alisimama mbele yake mikono kiunoni, akamwambia kamati ya Siku ya Kula imeamua kwamba mwaka huu tangazo lirekodiwe. Atalisoma Kudra, binti wa Nasibu, yule mwenyekiti wa pili; binti ana kibanda cha kurekodi matangazo kule Katoro. Kisha litawekwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu na kuzungushwa mitaani kwa bodaboda yenye spika kubwa.

"Wageni wameongezeka, Baba Blessing," alisema. "Wanatoka Katoro, wanatoka Nyasubi, mwaka jana walikuja hadi watu wa Shinyanga mjini. Wewe sasa pumzika. Umetuita vya kutosha."

Maduhu akajibu, "Sawa." Alichagua neno hilo kwa sababu halina r ndani yake. Mama Nelly alipoondoka, Maduhu akaendelea kuupiga msasa mpira ule ule, mahali pale pale, mpaka akautoboa upya.

Asiyemjua Maduhu atasema hilo ni tangazo tu, si akalale. Lakini Maduhu ni Msukuma wa vijiji vya Shinyanga, na ulimi wake ulikuja duniani bila r. Barabara kwake ni balabala, habari ni habali, na ukimkaribisha ndani atakushukuru kwamba "amekalibia". Shuleni mwalimu alizoea kumsimamisha mbele ya darasa aseme "barabara ya Arusha", na wenzake wakacheka hadi machozi. Mtoto akatoka pale na tatizo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Akiwa ametulia, r hana kabisa. Akiwa na wasiwasi, au akitaka kusema Kiswahili cha watu wenye heshima zao, huzikumbuka r zote alizowahi kuziruka na kuzipachika pasipohusika. Hata binti yake Blessing, mbele ya wageni, humwita Bresing.

Sauti, lakini, anayo. Ujanani alifanya kazi kwa wachimbaji wadogo upande wa Geita, kazi yake kukaa mdomoni mwa duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, na kupiga kelele "Kamba!" na "Vuta!" Waliokuwa chini kabisa walimsikia utadhani yuko mabegani mwao. Kule hakuna aliyemcheka, maana mtu aliye shimoni hana muda wa kusahihisha matamshi ya mwenzake. Alipochoka na vumbi akahamia Masumbwe, akamwoa Hosiana, Mzinza muuza mchele, akanunua baiskeli na spika ya mkononi, akawa mpiga mbiu wa soko. Msiba, mbuzi aliyepotea, maji kukatika, chanjo ya watoto: kama hujalisikia kwa Maduhu, bado halijatokea.

Na Siku ya Kula ni yake. Hilo ndilo lililomuuma.

Ni vigumu kumweleza mgeni jambo hili, kwa sababu mgeni akiuliza sikukuu ile ilianzaje hujibiwa na watu watano kwa mkupuo mmoja. Huangukia Jumamosi moja katikati ya Sabasaba na Nanenane, mpunga ukiwa umeshavunwa na ghala zimejaa, kwa hiyo mchungaji anasema ni shukrani ya mavuno. Nasibu anasema ni sadaka. Wazee wa Kisumbwa wanasema babu zao walikuwa nayo hata kabla ya reli, na wanasema hivyo kwa uso mkavu, ingawa wengi wao waliiona ikizaliwa. Yupo hata muuza nguo mmoja wa Nyasubi ya Kahama anayeapa kwamba ilitokea kwao, Masumbwe wakaiiba. Mwaka hadi mwaka kila maelezo yananenepa, na watu wanayaamini, na wala hakuna ubaya. Ila ukweli ni kwamba sikukuu ile ilitoka mdomoni mwa Maduhu, tena kwa bahati mbaya.

Wakati ule soko lilikuwa limegawanyika pande mbili. Upande wa mchele na mboga ulimtaka Philomena, ndiye huyo Mama Nelly, awe mwenyekiti. Upande wa dagaa na samaki ulimtaka Nasibu, mtu wa Kigoma aliyehamia na mizigo yake. Ugomvi ulifika mahali pabaya. Ukinunua dagaa kwanza, mwenye nyanya anakuambia nyanya zimekwisha, na nyanya unaziona. Watu waliopanga nyumba moja hawasalimiani asubuhi. Hosiana mwenyewe, muuza mchele, alikuwa hamsemeshi mke wa Nasibu, aliyemshika mkono siku anajifungua Blessing.

Ikaamuliwa kura ipigwe. Theonest, katibu wa soko, mtu wa maneno machache, akampa Maduhu tangazo la kutembeza. Kwa kuwa uchaguzi wa nyuma kalamu zote za kamati zilitoweka, aliongeza jambo moja. Tangazo lilisema: Jumamosi ni siku ya kura, kila meza ije na kalamu yake.

Maduhu alijua uzito wa jambo hilo, akajiandaa kwa Kiswahili chake cha heshima. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye kura, ulimi ukafanya ulivyozoea. Kwenye kalamu, wasiwasi ukaleta r ya bure. Akapita mtaa kwa mtaa akinguruma:

"Jumamosi ni siku ya kula! Kila meza ije na karamu yake!"

Kwenye "kula" watu wangeweza kumwelewa, wamemzoea. Lakini ile karamu ilitamkwa kwa r ya wazi, r ya mtu aliyekusudia, na hadi siku ile hakuna aliyewahi kumsikia Maduhu akiweka r kwenye tangazo. Watu wakakaa, wakatafakari, wakafikia uamuzi kwamba viongozi wameona ugomvi umezidi, wanataka watu wale kwanza pamoja ndipo waseme ya uenyekiti. Halafu kila upande ukaingiwa na hofu ya kuaibishwa. Watu wa dagaa walisikia watu wa mchele wanachinja. Watu wa mchele walisikia watu wa dagaa wameagiza sato kutoka ziwani. Ijumaa usiku Masumbwe nzima ilinuka vitunguu.

Jumamosi ile, Theonest alifika na sanduku la kura akakuta meza zote zimetandikwa vitambaa. Palikuwa na wali wa nazi na wali wa karanga, kuku wa kienyeji, sato mzima mzima, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa ikalainika, mlenda, maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Akauliza kalamu ziko wapi. Akaoneshwa masufuria. Kalamu ilikuwa moja tu uwanjani, yake mwenyewe, na wino ulikuwa umekauka.

Maduhu alipoelewa alichokifanya, alitaka ardhi imeze baiskeli na yeye juu yake. Theonest alimtazama tu. Mama Nelly akaja juu, Nasibu akaja juu, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kuwa ndiye aliyemtuma mpiga mbiu aharibu uchaguzi. Wakabishana hadi jua likawachoma na chakula kikaanza kupoa, na mtu aliyeamka alfajiri kupika hapendi kuona chakula chake kinapoa. Katikati ya maneno, Mama Nelly, kwa hasira tu, akachota dagaa wa meza ya Nasibu kuonesha kwamba wana mchanga. Akatafuna. Akachota tena.

"Nani kapika hawa?" aliuliza.

"Mke wangu," akasema Nasibu.

"Mwite aje. Aniambie kaweka nini."

Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia alasiri Hosiana na mke wa Nasibu walikuwa wanakula sahani moja, na kura ikaahirishwa. Mwaka uliofuata watu wakauliza siku ya kula ni lini, si ya kura. Wenyeviti wakabaki wawili, wote wanakaimu hadi leo. Na ikazaliwa kanuni ambayo sasa wageni hudhani ni ya kale: siku ile huruhusiwi kula kwenye meza yako. Unakula kwenye meza ya mtu ambaye mwaka huo hamkuwa mnaelewana, na kama huna wa namna hiyo, watu wanakuangalia kwa mashaka.

Mtu mmoja tu hakuwa na meza. Maduhu siku ile huwa kazini. Anaita wageni, anatafuta mwenye ufunguo uliookotwa, anawashukuru waliotoka mbali, anatangaza pilau mpya iliyofika upande wa magharibi. Hosiana humzungukia na sahani, anachota kidogo kila meza, anaifunika na sahani nyingine na kumwekea. Maduhu huila nyumbani, giza likishaingia, imepoa, mafuta ya nyama yameganda. Hajawahi kulalamika. Husema ni tamu vile vile.

Basi baada ya Mama Nelly kumwambia apumzike, Maduhu alikaa siku mbili bila kugusa spika. Siku ya tatu akaenda kwenye kamati, kofia mkononi.

"Nipeni mala moja ya mwisho," alisema. "Hapa hapa Masumbwe tu. Kadi yenu ikaite wa mbali, mimi niwaite wa hapa. Na safali hii sitakosea."

Kamati ikatazamana. Kudra, ambaye alikuwa amekuja kuchukua maandishi ya tangazo, alisema hana neno, mzee aite. Wakamkubalia, Ijumaa ya kuamkia sikukuu. Alitoka pale na furaha ya mtoto.

Blessing alikuwa amerudi likizo kutoka chuo, baba yake akamkabidhi ulimi wake. Binti akamfundisha kuuinua nyuma ya meno na kuutetemesha kama injini ya pikipiki inayokataa kuwaka. Maduhu akafanya mazoezi chooni, kitandani, njiani kwenye baiskeli. Mbuzi walimkimbia. Watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakinguruma naye. Hosiana alikuwa anapepeta mchele na kumtazama, anapepeta na kumtazama.

Jioni moja r ikatoka mahali pake, bila wasiwasi wowote. Ikatoka safi, ndefu, yenyewe. Maduhu akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti yote aliyowahi kuitumia mgodini:

"Hosiana! Barabara!"

Hosiana alitoka mbio bila viatu akidhani kuna ajali. Alipoelewa, akacheka mpaka akakaa chini, na Maduhu naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa na umri wa babu, na ndiyo kwanza ameweza kusema neno alilochekewa darasa la pili.

Kilichobaki kilikuwa tangazo lenyewe. Na hapa mtu asimlaumu. Miaka yote watu walikuwa wakimtania kwa maneno yale mawili: ulisema kula badala ya kura, ulisema karamu badala ya kalamu. Kwa hiyo aliyafanyia mazoezi maneno hayo mawili, yale yaliyo sahihi, mpaka yakakaa. Ijumaa ikafika. Akavaa shati lake la kanisani, akasimama langoni mwa soko, akawasha spika, akasema bila kukwama hata kidogo:

"Jumamosi ni siku ya kura! Kila meza ije na kalamu yake!"

Wauzaji waligeuka wote kumtazama. Halafu upande wa dagaa mtu mmoja akaanza kucheka, kicheko kikahamia kwenye nyanya, kikaenda hadi kwa mafundi cherehani. Maduhu akadhani wanashangilia r yake. Akawapungia mkono, akapanda baiskeli, akazunguka mitaa yote ya Masumbwe. Aliporudi nyumbani alimkuta Blessing mlangoni, mikono kichwani.

"Baba, umetangaza nini?"

Akalirudia, kila herufi mahali pake. Kisha akajisikia mwenyewe. Lilikuwa tangazo la Theonest, lile la enzi zile, amelisoma bila kosa, limechelewa miaka yote hiyo. Maduhu akakaa kwenye kizingiti. Usiku ule hakula, na alisema waziwazi kwamba kesho haendi sokoni, waende na kadi yao.

Hosiana ndiye aliyemtoa kitandani. "Utakwenda," alisema. "Wakikucheka, watacheka wakiwa na chakula mdomoni. Watapaliwa wenyewe."

Meza zilikuwa zimetandikwa kama kila mwaka, na wageni wa mbali wameshafika, wakiwa wameitwa vizuri na sauti ya Kudra. Lakini watu wa Masumbwe, walipomwona Maduhu akisukuma baiskeli yake kuingia, walinyoosha mikono wote kwa pamoja. Kila mkono ulikuwa na kalamu. Mama Nelly alikuwa nazo mbili kwenye kilemba. Nasibu alikuwa na moja nyuma ya sikio, ya bluu, na nyingine ya akiba. Mzee mmoja wa Kisumbwa, ambaye hajawahi kwenda shule, alikuwa ameazima ya mjukuu. Wageni wa Nyasubi walipouliza ni za nini, wakajibiwa kuwa ni mila.

Maduhu alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akaishia kupiga chafya.

Nasibu akapanda juu ya kigoda. "Ndugu zangu," alisema, "kuna kura tuliitiwa zamani na hatujaipiga. Leo kalamu zipo."

"Usituletee ya uenyekiti," akadakia Mama Nelly. "Wali utapoa."

"Si ya uenyekiti. Mwaka ujao tuitwe na Maduhu, au tuitwe na kadi?"

Karatasi za kufungia maandazi zikachanwa vipande. Ilikubaliwa kwamba anayemtaka Maduhu achore baiskeli, anayetaka kadi achore kisanduku, ili asiyejua kusoma asionewe. Ndoo ya mchele ikamwagwa, ikawa sanduku. Maduhu alisimama pembeni ameushika usukani wa baiskeli.

Theonest akachomoa karatasi moja moja, mtu wa maneno machache kama kawaida yake. "Baiskeli," alisema. "Baiskeli. Baiskeli. Hii sijui ni mbuzi, lakini ana magurudumu. Baiskeli." Kudra akapaza sauti kwamba ya kwake ndiyo ile yenye spika, waitazame vizuri, ameichora kwa bidii. Watu wakapiga vigelegele. Theonest akachomoa tena, akaitazama karatasi, akaigeuza.

"Kadi," alisema.

Palikuwa na kisanduku kimoja, kimechorwa vizuri, pembe zimenyooka. Baada ya hapo zikaja baiskeli tupu hadi ndoo ikaisha. Maduhu alikuwa ameshinda kiasi kwamba wengine walishaanza kupakua. Mama Nelly akamwomba radhi mbele ya watu, na alimaanisha. Lakini Maduhu ni binadamu. Badala ya kuzifurahia baiskeli zote zile, akaanza kutazama uso mmoja mmoja akitafuta mwenye kisanduku.

Akamkuta mkewe amesimama nyuma yake, ameshika sahani mbili tupu.

"Usihangaike," alisema Hosiana. "Ile kadi ni yangu."

Maduhu akamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Mwaka hata mmoja hatujala pamoja siku hii, Baba Blessing. Watu wote hawa wanakaa na waliogombana nao. Mimi nakaa na sahani yako, naifunika. Ulipoleta ile habari kwamba umeambiwa upumzike, nilikuonea huruma, na moyoni nikashukuru. Nikasema, mwaka huu atakaa na mimi. Halafu ukaenda kuwaomba." Alimpa sahani moja. "Nina ugomvi na wewe miaka yote hii na hukuwahi kujua. Basi kwa kanuni, leo unakula na mimi."

Maduhu aliona aibu, kisha akamwona Hosiana kama ambavyo hakuwa amemwona kwa muda mrefu: mwanamke aliyesimama na sahani kwenye sikukuu ambayo Maduhu amewaitia watu wote isipokuwa mkewe. Akaivua spika begani. Akaisukuma chini ya meza ya Nasibu, nyuma ya tenga la samaki. Wakakaa kwenye benchi, bega kwa bega, wakapakuliwa wali, sato na dagaa wa mke wa Nasibu, na chakula kilikuwa cha moto. Mvuke ukampanda usoni. Hakuwa amejua kwamba wale dagaa, wakiwa bado wa moto, wana pilipili kiasi kile.

"Kalibu," alisema Hosiana, akimwiga.

"Nimekalibia," akajibu, na r yake mpya wala hakuikumbuka.

Kutoka upande wa magharibi mtu akapaza sauti kwamba kuna ufunguo wa pikipiki umeokotwa, na pilau ya pili imefika, na wageni wa Katoro wanauliza wakae wapi, na Maduhu yuko wapi jamani, mwiteni Maduhu. Akainuka nusu, kwa mazoea. Hosiana hakumshika. Alimega tu kipande cha sato na kukiweka kwenye sahani ya mumewe.

Maduhu akakaa. Akageuza kichwa, mdomo umejaa, akawajibu bila spika, kwa ile sauti iliyokuwa ikifika hadi chini ya duara.

"Nakula!" alisema, na soko zima likamwelewa.